Meno ya Juu

Jumatatu, 1 Februari 1971

Nimegonga kipande cha reli saa moja kamili. Popo wamechafua tena ukuta wa Darasa la Kwanza. Tumefagia, tumemwaga maji, harufu haijatoka. Masista walifuga paka kwa ajili ya panya. Kwa popo walikuwa na sala tu, na sala hazikufua dafu.

Watoto arobaini na mmoja Darasa la Kwanza. Mwaka jana walikuwa ishirini na watatu. Nimemwandikia Afisa Elimu, Korogwe, kuomba madawati. Wengine wanaandika wakiwa wamelala kifudifudi sakafuni.

Darasa hilo lilikuwa bweni la watoto wachanga, enzi za kituo cha yatima cha Masista. Vyuma vya kufungia vyandarua bado vimo ukutani. Watoto wameuliza ni vya nini. Nikasema vya kutundikia mikoba. Hawana mikoba. Wametundika kofia.

Kitanda changu kilikuwa cha tatu kutoka dirishani. Hilo sikuwaambia.

Jumatano, 3 Februari 1971

Mwanaidi, mjukuu wa Bibi Zaina, ameanguka kwenye ngazi za baraza. Jino moja la mbele, la juu, limeng'oka. Jino la utoto. Damu kidogo, kelele nyingi. Nimemsukutua kwa maji ya chumvi.

Wenzake wakamfundisha kulirusha juu ya paa na kuomba jipya. Akarusha. Likabiringika kwenye vigae, likarudi. Mara ya pili likarudi. Mara ya tatu likakaa. Wakampigia vigelegele mpaka Mwalimu Shemdoe akatoka Darasa la Tatu na fimbo yake, akidhani ni vita.

Nimempeleka mtoto nyumbani mwenyewe. Bibi Zaina ndiye mkunga wa kijiji. Nusu ya watoto wa shule hii, yeye ndiye aliyewashika kwanza. Akamfunua mdomo mjukuu wake, akaangalia, akasema litaota. Akanipa kikombe cha maziwa ya mgando. Nampenda yule mama. Anasema na mtu akimtazama usoni.

Ijumaa, 12 Februari 1971

Kamati ya kijiji imekuja kupima jengo kwa hatua. Ndugu Mhina, mwenyekiti wetu, alikuwa mbele na kijiti. Nikamuuliza anapima nini. Akasema anaangalia tu. Mtu anayeangalia tu habebi kijiti.

Baadaye akaniambia. Shamba la ujamaa litavuna pamba na mahindi kwa pamoja kwa mara ya kwanza, na ghala hawana. Jengo la Masista ni la mawe, lina vigae, halivuji. Ningekuwa mimi mwenyekiti, nami ningelitamani. Lakini mimi si mwenyekiti, ni mwalimu mkuu. Nikamwambia kwamba watoto arobaini na mmoja hawawezi kuning'inizwa kwenye miti. Akacheka. Akaondoka na kijiti chake.

Jumanne, 16 Machi 1971

Leo asubuhi Bibi Zaina ameingia darasani bila hodi. Si kawaida yake. Akamwita Mwanaidi mbele, akamfunua mdomo mbele ya wote. Jino jipya limeota juu, pana, limejaa. Akabonyeza meno ya chini moja moja kwa kidole. Meno ya utoto, hata kutikisika hayajatikisika. Akamfunika mtoto kichwa kwa upande wa kanga yake, akatoka naye. Hakunisalimu akija, hakuniaga akienda.

Nilijua kabla hajafika mlangoni.

Niiandike wazi, maana nimeikwepa hata katika daftari hili. Mtoto mchanga akianza kuota meno ya juu kabla ya chini, wanamwita kigego. Wanasema atamaliza ukoo, ataleta njaa, ataondoka na wazazi. Zamani hakuachwa akue. Masista walipojenga nyumba hii, habari ikaenea kwamba huko wanapokea. Wengi wa waliolelewa humu hawakuwa yatima. Walikuwa na mama zao, wazima, wanaolima ng'ambo ya mto. Walikosa tu mpangilio wa meno.

Wazee wote wanajua nyumba hii ilikuwa ya nani. Hawasemi. Na sasa mkunga ameona jino la juu limetangulia, humu ndani.

Jumatano, 17 Machi 1971

Darasa la Kwanza: watoto thelathini na wawili.

Alhamisi, 18 Machi 1971

Kumi na tisa.

Nimemtuma Mwalimu Shemdoe kwenda kusikiliza. Yeye ni mtu wa Lushoto, kijana, anapendwa, wanamwambia mambo. Amerudi na neno lenyewe. Wanasema nyumba ya Masista inageuza watoto. Mtoto anaingia mzima, anang'oka jino, linaota jipya, na jipya linaanza juu. Wanasema Mwanaidi ni wa kwanza na hatakuwa wa mwisho. Wakubwa bado wanakuja, eti meno yao yameshabadilika.

Nimekasirika mno. Jambo hilo ni la mtoto wa miezi minane! Halijasemwa kamwe juu ya mtoto wa miaka saba. Wamechukua hofu ya uchangani wameivalisha mtoto mkubwa. Jino la utoto lilipigwa na ngazi likatoka mapema, jipya likapata nafasi likapita. Basi. Hakuna zaidi ya hapo.

Shemdoe akaniuliza kwa upole kama na mimi ninaamini mambo haya. Nikamwambia aende akasahihishe madaftari.

Jumatatu, 22 Machi 1971

Sita. Wote watoto wa watumishi wa stesheni, wametoka mbali, hawana habari na vigego.

Nimeita majina yote arobaini na moja. Kwa sauti. Nimesubiri baada ya kila jina, kama kawaida. Wale sita waliniangalia wakidhani nimerukwa na akili. Nitaita kesho tena.

Jumatano, 24 Machi 1971

Nimewapanga Darasa la Pili mstari, nikawafunua midomo. Watoto ishirini na wawili. Nimeandika kila mmoja meno yake makubwa yalianzia wapi, kwa kadiri ya kumbukumbu zao na macho yangu. Watano yalianzia juu. Watano! Mwaka mzima wametembea kijijini, wamekula, wamecheza, wamepigwa na mama zao, na hakuna ukoo uliokwisha. Hakuna aliyeona kwa sababu hakuna anayechungulia mdomo wa mtoto wa miaka saba. Meno ya kwanza yakishaota salama, watu huacha kuangalia.

Nimepeleka orodha kwa Ndugu Mhina. Akaisoma polepole. Akasema, "Mwalimu, hawa watano nao wamesoma kwenye nyumba ileile."

Sikuwa nimeliona hilo. Nikarudi nyumbani na orodha yangu. Nilijiona mjinga.

Ijumaa, 26 Machi 1971

Barua kutoka Korogwe. Afisa Elimu atakuja kukagua Jumanne ya pili baada ya Pasaka. Si madawati, ni yeye mwenyewe. Kamati imemwandikia. Inasema Darasa la Kwanza halina watoto, na inaomba jengo liwe ghala, madarasa ya juu yahamie Mnyuzi. Kabla hajafika kutakuwa na mkutano wa kijiji.

Mnyuzi ni maili saba kwa kufuata reli. Mtoto wa miaka saba hawezi. Wa miaka kumi ataweza mwezi mmoja, kisha mvua, kisha basi. Wasichana watakuwa wa kwanza kubaki nyumbani. Sihitaji mtu wa kunifanyia hesabu hiyo.

Nimemwendea mwenyekiti shambani, nikamsema mbele ya watu. Nikamwambia hakuanzisha uvumi lakini ameupanda mgongoni. Akaweka jembe chini. Akasema hawezi kuwakamata watoto kwa nguvu, na mahindi hayawezi kulala nje. Akaniita ndugu. Ni mstaarabu hata anapokunyang'anya, na hilo ndilo linaloudhi zaidi.

Jumamosi, 27 Machi 1971

Nimefungua kabati la chuma la ofisini. Daftari kubwa la Masista limo, jalada limeliwa na mende pembeni. Waliliacha walipoondoka kwa sababu Sista Gaudensia, mkuu wao, alisema mambo ya watu hawa yabaki na watu hawa.

Kila mtoto ana mstari wake. Tarehe, umri, sababu, aliyemleta. Wengine wamewekewa jina la kijiji, wengine la baba. Nimesoma asubuhi yote. Yumo dada wa Ndugu Mhina, tumbo moja. Wamo watu wa nyumba tisa za kijiji hiki. Wamo watoto watatu walioletwa na mkunga aliyemfundisha kazi Bibi Zaina.

Mwalimu Shemdoe akanikuta. Nikamwonyesha. Akasoma kurasa mbili, akasema, "Wasomee haya mkutanoni, Mwalimu. Watanyamaza wote."

Ningependa. Sitaandika kwamba sikutaka. Nilijiona nimesimama nawasomea jina baada ya jina na kila mtu anainamisha kichwa. Ilinipa raha kubwa kwa muda mrefu.

Jumatatu, 5 Aprili 1971

Watoto sita. Nimeita arobaini na moja.

Masika yameanza kweli. Paa halivuji hata tone. Najua kamati nayo imeona.

Mama Mwanaidi amepita kwenye uzio na jembe begani, akasimama. Akasema mtoto anamlilia, anataka kuja. Akasema mama mkwe hataki. Nikamwambia mlango haufungwi. Akaangalia huku na huku, akaenda zake.

Jumapili, 11 Aprili 1971

Pasaka. Nimekwenda kanisani Korogwe kwa treni. Nimeomba ujasiri. Nimeomba pia Ndugu Mhina apate maumivu ya mgongo, kisha nikatubu.

Nimewaza njiani. Nikisoma majina ya watu, nitawaumiza waliokwisha kuumia. Dada yake Mhina anaishi Tanga, ana wajukuu, huenda hata hajui. Mama waliotembea na watoto hao mpaka hapa wangeweza kuwaacha porini kama walivyoambiwa. Hawakuwaacha. Walibeba, wakavuka mto, wakabisha hodi kwa watu weupe wasiowajua. Siwezi kuwageuza kuwa fimbo yangu.

Lakini kuna mstari mmoja ambao ni wangu. Huo sihitaji ruhusa ya mtu.

Nina miaka thelathini na minne. Nimemwambia mtu mmoja tu maishani, mwalimu mwenzangu aliyetaka kunioa. Alisema hana shida na hilo kabisa. Hakurudi. Tangu hapo nikiulizwa nasema mama yangu alifariki wakati wa kujifungua. Watu hunionea huruma, wananipa watoto wao wachanga niwapakate. Wananiita kwenye arobaini za watoto. Hayo ndiyo nitakayoyapoteza. Nimeyapima. Ni mengi.

Jumatano, 14 Aprili 1971

Mkutano umefanyika katika kikanisa cha zamani, ambacho ni Darasa la Nne. Watu walijaa mpaka barazani. Wanawake upande wa kulia, wameketi chini. Bibi Zaina mbele kabisa, fimbo mapajani.

Ndugu Mhina akaeleza habari ya ghala. Akaeleza vizuri. Akasema anayetaka kuzungumza azungumze. Nikasimama na daftari la Masista mkononi.

Sikuwa nimefungua mdomo bado, wakanyamaza. Wazee walilijua jalada lile. Mzee mmoja alishusha macho hadi miguuni kwake. Mwenyekiti akashika ukingo wa meza. Nikaona ni rahisi kiasi gani. Nikafungua ukurasa wangu.

Nilisoma hivi: "Mtoto wa kike. Miezi minane. Meno mawili, ya juu. Ameletwa na mama yake, kwa miguu. Mama hakutaja jina. Tumemwita Emilia."

Nikafunga daftari. Nikasema, "Emilia ni mimi."

Nikaendelea, maana ningenyamaza nisingeweza tena. Nikawaambia tangu nirudi kama mwalimu nimeishi nao miaka kumi na miwili. Nimekula sahani moja na wao, nimepakata watoto wao, nimezika pamoja nao. Wahesabu misiba yao yote ya miaka hiyo waniambie upi ni wangu. Nikangoja. Nikawaambia nyumba hii haikunigeuza. Nilikuja hivi, ikanilea. Na kama wanaogopa inageuza watoto, basi wasinisikilize mimi, wala wasiangalie wanafunzi wangu. Warudi wakachungulie vinywa vya watoto walio nyumbani, ambao hawajakanyaga hapa hata siku moja.

Bibi Zaina akainuka. Kila mtu akamwangalia. Akajifunga kanga vizuri, akashika fimbo, akatoka. Wanawake wakamfuata mmoja mmoja.

Mkutano ukaisha bila kufungwa. Shemdoe akanikunjia kiti.

Alhamisi, 15 Aprili 1971

Sita. Nimeita arobaini na moja, na jina la Mwanaidi mara mbili.

Nimekwenda kisimani. Wanawake wamenipisha. Nimechota bila foleni. Nilichota taratibu sana makusudi, ndoo zote mbili mpaka zikafurika, na nikasema habari za asubuhi kwa kila mmoja kwa jina lake. Walijibu wote. Hakuna aliyesogea karibu.

Nilipofika nyumbani nililia. Nikajiosha uso, nikaenda kufundisha kuzidisha.

Ijumaa, 16 Aprili 1971

Mama Asha jirani amekuja na mtoto mgongoni kuomba chumvi. Nimeipima kwenye kikombe. Mtoto akanyoosha mikono kwangu kama siku zote. Mama Asha akageuka ili mgongo uwe upande wa ukuta. Hakufanya kwa ubaya. Alifanya bila kufikiri, na ndiyo maana iliniuma.

Nimempa chumvi. Ningemnyima ningekuwa nani?

Jumamosi, 17 Aprili 1971

Shemdoe amekuja mbio. Bibi Zaina anapita nyumba kwa nyumba tangu juzi, na fimbo yake, anafunua midomo. Hachagui. Watoto wanaochunga, watoto waliofichwa wasije shule, watoto wa wageni waliohamia kijijini mwezi huu. Anawaketisha juani, anabonyeza ufizi kwa kidole, anauliza mama lini lilitoka, lini liliota. Hasemi sababu. Amefika hadi kambi ya mkonge. Mwanamke mmoja alikataa, akaambiwa, "Nilikushika wewe ukizaliwa, nitashindwa kumshika huyu?" Akafunua mtoto.

Sijui anatafuta nini. Labda anatafuta wengine wa kuwaficha. Ninaogopa. Nimekaa barazani nikipalilia maua ambayo hayakuhitaji kupaliliwa.

Jumapili, 18 Aprili 1971

Amemaliza. Amewakuta tisa. Meno makubwa yameanzia juu, na hawajawahi kuingia katika nyumba hii. Mmoja ni mjukuu wa mwenyekiti.

Leo kisimani amesema mbele ya wanawake wote. Mama Mwanaidi ndiye aliyekuja kunieleza, amesimama palepale kwenye uzio lakini safari hii hakuangalia huku na huku. Bibi amesema, "Meno ya ukubwani si meno ya uchangani. Nilichanganya. Hayo hayana neno. Watoto waende shule."

Nilichanganya. Mkunga aliyeifanya kazi hii miaka arobaini amesema hivyo hadharani. Mimi nilipokosea habari ya orodha yangu sikumwambia mtu.

Nikamuuliza Mama Mwanaidi: na meno ya uchangani je, amesemaje? Akaangalia chini. Akasema, "Hayo hakuyataja, Mwalimu."

Jumatatu, 19 Aprili 1971

Thelathini na watatu! Mwanaidi alikuwa wa kwanza getini, na pengo lingine. La chini, safari hii. Amelirusha kwenye paa kabla sijagonga reli.

Niliita majina. Walipokuwa wanaitika nilishika ukingo wa meza kama Mhina siku ile.

Jumanne, 20 Aprili 1971

Afisa Elimu amefika na gari la serikali, viatu vimejaa tope. Watoto thelathini na wanane. Amehesabu mwenyewe kwa kuwagusa vichwa. Amekagua madaftari, vyoo, shamba la shule. Ndugu Mhina alifuata nyuma bila kijiti.

Wakati wa chai akauliza kisa ni nini hasa. Mwenyekiti akamweleza habari ya meno. Afisa akacheka mpaka akamwaga chai. Akasema huu ndio ushirikina wa watu wa shamba unaolirudisha taifa nyuma, na kwamba nimefanya kazi ngumu kuishi na wajinga.

Nilipaswa kufurahi. Alikuwa upande wangu. Nikamwambia, bila kupanga, kwamba hawa si wajinga. Wana hofu, na walipopata shaka walitoka wakaenda kuchunguza nyumba kwa nyumba, mdomo kwa mdomo, na mkubwa wao akakiri kosa mbele ya watu. Nikamuuliza ofisini kwao ni nani amewahi kufanya hivyo. Akaacha kucheka. Shemdoe alikanyaga mguu wangu chini ya meza.

Darasa la Kwanza linabaki. Jengo linabaki shule. La madawati, amesema, atalitazama. Mwenyekiti akaniangalia wakati gari linaondoka. Akasema atajenga ghala la fito na udongo nyuma ya ofisi ya Chama, na kwamba vijana wa Darasa la Nne watasaidia kubeba udongo. Nikamwambia watabeba, kipindi cha mwisho, Ijumaa tu. Akakubali. Hakutaja dada yake. Nami sikumtaja.

Jumamosi, 1 Mei 1971

Arobaini na mmoja, wiki nzima. Nimeshinda. Naliandika ili nilione.

Kisimani bado wananipisha. Nyumba wameisafisha, mimi bado. Kulikuwa na arobaini ya mtoto kwa kina Mama Asha juzi, nikasikia ngoma kutoka huku. Sikualikwa. Wamekosa mikate yangu ya kumimina, na najua waliikumbuka.

Ningeulizwa ningesoma tena mstari ule? Ningesoma. Kwa sauti zaidi.

Jumamosi, 15 Mei 1971

Nilikuwa nafua. Mwanamke mgeni amesimama uani, kijana, miguu ina vumbi mpaka magotini, mtoto mgongoni. Akapiga hodi, akasema shikamoo. Ametoka Kwaluguru. Amelala Korogwe kwa watu, asubuhi amekuja kwa miguu.

Nikamkaribisha mkekani. Akamshusha mtoto. Wa kiume, mnene, miezi minane au tisa. Akampakata. Kisha akamwinua mdomo wa juu kwa kidole gumba. Meno mawili. Chini hakuna kitu.

Nikaanza kumweleza pole pole kwamba Masista waliondoka siku nyingi, kwamba hapa sasa ni shule, hatuna mahali pa kulea. Akanikatiza. Akasema, "Sikuja kumwacha, Mwalimu. Nimekuja kukuangalia."

Akaniangalia. Aliniangalia mikono, shingo, nywele. Akaniuliza kama niliugua sana utotoni. Nikasema surua, kama wengine. Akauliza kama nakula kila kitu. Kila kitu, nikasema, isipokuwa bamia. Akauliza kama watu wanaonisogelea wanadhurika. Nikamwambia ninafundisha watoto arobaini na mmoja na wanaonidhuru ni wao. Akacheka kidogo. Akaomba nicheke na mimi, ayaone meno yangu. Nikacheka.

Nikamuuliza nani aliyemwelekeza. Akasema habari zilifika kwao sokoni. Hapa kijijini aliuliza kwa bibi mmoja mkunga, nyumba ya karibu na reli. Bibi akamwangalia mtoto mdomoni, akabonyeza ufizi kwa kidole. Kisha akasema, "Mwalimu yupo pale juu, mzima. Nenda ukamwone kwanza, halafu umrudishe mtoto kwa baba yake."

Nikawasogezea chakula, ugali na kisamvu cha nazi. Nikampakata mtoto wakati mama yake ananawa. Alinishika pua, akaivuta. Ana nguvu.

Saa nane nimewasindikiza hadi njia ya Korogwe. Mama alitembea mbele, mtoto amelala mgongoni. Nimerudi, nikamalizia kufua.